Mlango wa Kwato Si Mfereji

Picha mliyonitumia nimeiona. Niliifungua asubuhi kabla ya chai, na chai yenyewe ikapoa mezani nikaenda kuimwaga migombani. Gody, wewe umesimama mbele na panga, umevaa miwani ya jua. Wenzako watano wako nyuma yako wameinua vidole gumba, na nyuma yao yamelala matete yaliyofyekwa, rundo juu ya rundo. Chini mmeandika: "Shikamoo bibi, tumekusafishia Kwato, sasa boti inapita mpaka ndani." Mkamalizia na vile vikatuni vya kucheka.

Mimi sikucheka. Nimekasirika, na nitabaki nimekasirika mpaka mwisho wa barua hii, kwa hiyo anayetaka maneno matamu akasome kwingine. Mmekuja kwangu mara ngapi ninyi? Mmekula mtori wangu, mmeniita mwalimu, mmeniuliza namna ya kufunga ndoano na namna ya kumtuliza mgeni aliyeona kiboko. Habari ya mlango wa Kwato hakuna aliyeiuliza. Na mimi, nikisema kweli, sikuwahi kuwaambia. Hilo nitalifikia, maana ndilo linaloniuma zaidi.

Kwa wale wenzenu watakaosoma bila kunijua: mimi ni Mama Eliya, mzaliwa wa Marangu, mkazi wa Moshi, na kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kupanga safari za kuvua kwa ndoano. Watu wengi wa kwetu wamekula kwa kupandisha wageni mlimani. Mimi nilikula kwa kuwateremsha, mpaka tambarare ya Kahe, kwenye mto Ruvu. Ruvu wetu huu, sio ule wa Pwani. Kule chini mto hauna haraka, unapindapinda, na ikitokea mafuriko makubwa unajikatia njia ya mkato na kuiacha kona yake ya zamani pembeni. Kona ile inabaki na maji yake na samaki wake, inakuwa kiziwa. Kimoja kimepinda kama alama ya ukwato wa punda kwenye tope, na ndiyo maana kinaitwa Kwato.

Niliingia kwenye kazi hii kama mpishi. Aliyeniajiri alikuwa Bwana Jaspal, Singasinga mwenye gereji mjini, mtu aliyependa kuvua kuliko kula. Safari ya kwanza alipakia fito tano za kuvulia, hema, redio, viti vya kukunja na mwavuli. Tulipofika mtoni nikamwomba chumvi na maji ya kunywa. Akanitazama, akautazama mto, akasema, "Maji si haya hapa, Mama Eliya?" Tulikunywa chai ya rangi ya matofali siku mbili, na perege tukala bila chumvi. Tuliporudi alikata kipande cha boksi la vipuri, akanipa na kalamu. "Andika wewe," akasema. "Mimi nikiandika, naandika ndoano tu." Kuanzia siku ile nikawa mpangaji wa safari, na kazi yenyewe sikufundishwa na mtu wa ofisini.

Ninyi mnapanga safari kwa simu. Mnaangalia picha ya jua, mnaona halina wingu, mnawaambia wageni waje. Jua la wapi? La Kahe! Maji ya Kahe hayatoki Kahe, yanatoka kwetu juu. Mimi sikuwahi kupanga safari bila kupita soko la Kiboriloni. Wale mama waliotelemka na ndizi kutoka Marangu ndio waliokuwa redio yangu. Nilikuwa sinunui kwanza, nauliza: mvua imenyesha kwenu? Mfereji wenu una maji au mmeufunga? Kama mama watatu wa sehemu tatu tofauti walisema imenyesha siku mbili mfululizo, nilirudi mjini kumwambia Jaspal hatuendi, hata kama Moshi jua lilikuwa linachoma lami. Alinuna, akavunjavunja vijiti vya kiberiti, lakini hakuna mgeni wangu hata mmoja aliyeamka hema lake linaelea. Ninyi mwaka jana mlipoteza mahema mawili na jiko la gesi, mkasema ni bahati mbaya.

Chambo nacho mnanunua. Mnanunua plastiki ya rangi ya waridi! Minyoo iliyonona iko migombani kwa mama zenu, chini ya majani yaliyooza. Unaichimba asubuhi, unaiweka kwenye kopo na udongo wake, unafunika kwa ganda bichi la mgomba ili isikauke. Hiyo ni ya perege. Kambare yeye ana pua, mpe kinachonuka: ini la mbuzi la jana, au kipande cha sabuni ya mche. Ila sabuni ya chambo msiiache hovyo. Mgeni wangu mmoja, mwalimu mstaafu mwenye nidhamu sana, aliichukua kutoka kwenye kopo la maini, akanawa nayo mpaka viwikoni, kisha akaniuliza kwa nini chakula changu kina harufu.

Yote hayo niliyajua kwa kukosea, au kwa kuelekezwa na Mzee Sefu. Na sasa naomba mtulie.

Mzee Sefu alikuwa mvuvi wa Kahe, mwembamba, mpole, hakupenda maneno mengi. Yeye ndiye aliyenifundisha kukaa upande ambao kivuli changu hakianguki majini. Alinifundisha kutembea ukingoni kwa nyayo nzima, maana samaki anausikia mshindo wa kisigino kabla hajakuona. Alinionyesha mapovu ya kambare, madogo na yanayosogea, na mapovu ya tope tupu, makubwa na yanayotokea pale pale. Nilipokosea hakunigombeza, alisubiri nikose samaki, kisha akanionyesha tena.

Na alikuwa mwenye mlango. Kwato imeungana na mto kwa shingo nyembamba iliyojaa matete, na wavuvi wanaiita mlango. Masika mto unapofurika, perege na kambare wanapita katikati ya matete kuingia Kwato kutaga. Mvua ikikatika, mto unashuka. Matete yanazuia tope, tope linazuia maji, na Kwato inabaki imejaa, juu kuliko mto wenyewe, na watoto wa samaki wanakulia humo salama. Wavuvi huchagua mtu mmoja wa kuulinda mlango huo. Kila asubuhi anapita, akiona penye mwanya anasukumia tope na majani kwa mti. Hakuna anayekata tete hata moja pale. Nyavu haziingii Kwato, ni ndoano tu, na anayetaka kutupa ndoano anaomba kwanza kwa mwenye mlango. Kaya nyingi zinakula kiangazi chote kutokana na kiziwa kile.

Sasa, sisi wa mlimani tumelelewaje? Mfongo, mfereji wetu wa kuleta maji shambani, ndio uhai wa kihamba, shamba la migomba la kila nyumba. Tangu ukiwa mtoto unajua kwamba mfongo ukiziba ni aibu. Baragumu la msaragambo likilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe, tunafyeka, tunazoa tope, maji yanatembea. Mchagga akipita penye mfongo uliojaa majani akaacha kuyatoa, amelelewa vibaya. Hilo liko ndani ya mifupa yetu, na kwetu ni jambo jema.

Mwaka mmoja Mzee Sefu alikwenda msibani Upareni, akakaa wiki nzima. Mimi nilikuwa na safari kubwa: wageni wa harusi ya binti yake Bwana Jaspal, watu wengi kuliko niliowahi kuwapeleka. Nikaenda na wabebaji wanane kutoka Marangu, kaka zangu na binamu zangu, watu ambao mlimani wangebeba mizigo ila haukuwa msimu. Tulipofika Kwato, kaka yangu Eliamani akasimama mbele ya shingo ile, mikono kiunoni.

"Dada, hawa watu wa Kahe ni wavivu kiasi gani? Mfongo umeziba hivi, wanautazama tu?"

Mimi ndiye niliyekuwa nimefundishwa na Mzee Sefu. Mimi ndiye niliyejua habari ya mwenye mlango, nilikuwa nimemwona mara kumi akisukuma tope kwa mti wake. Lakini sikuwahi kumuuliza kwa nini. Nilidhani anasafisha! Nilidhani mzee wa watu anahangaika peke yake na kazi ya watu kumi, na leo hii nimeleta wanaume wanane wenye mapanga.

"Basi msaidieni mzee," nikasema. "Akirudi akute pamesafishwa."

Ni mimi niliyesema. Sio Eliamani. Walifyeka kutoka asubuhi hadi saa saba wakiimba nyimbo za msaragambo, na mimi niliwapikia kiburu cha ndizi na maharage, sufuria kubwa. Maji yalipoanza kutembea tulipiga makofi. Yalikuwa yanatembea kutoka Kwato kwenda mtoni, na nililiona hilo kwa macho yangu. Kichwani mwangu maji yanayotembea yalikuwa maji mazuri, basi. Siku ya tatu Kwato ilikuwa tope, perege wanarukaruka, korongo wamejaa kila mahali. Wageni walifurahi mno, walikuwa wanaokota samaki kwa mikono. Kwenye boksi langu nikaandika: safari nzuri.

Mzee Sefu aliporudi alinikuta bado nafungasha masufuria. Alitembea mpaka mlangoni, akachuchumaa, akaokota kipande cha tete, akakitazama kilipokatwa.

"Mama Eliya, nani amefyeka hapa?"

"Sijui, mzee. Nadhani ni ng'ombe wa wafugaji wamepita."

Ng'ombe hakati tete kwa mshazari. Alijua, na mimi niliona kwamba amejua. Lakini tulikuwa wageni wake, alikuwa ametukaribisha yeye, na mtu wa namna yake hamwaniki mgeni mbele za watu. Akaliweka lile tete chini taratibu, akaniuliza kama tumekula.

Wavuvi walikutana wiki ile ile. Walimuuliza mwenye mlango nani ameufungua, akasema hajui, yeye alikuwa msibani. Wakasema ameuuza kwa Wahindi wa mjini kwa ajili ya harusi. Wakamnyang'anya mlango, wakamkataza kutupa ndoano Kwato. Alihamia Nyumba ya Mungu, kwenye bwawa, akawa anashonea watu wengine nyavu zao. Huko ndiko alikofia. Mkewe na binti yake, Zuhura, walibaki Kahe, na Zuhura alikua akiitwa binti wa aliyeuza mlango, shuleni, kisimani, hata siku ya ndoa yake.

Na mimi? Niliendelea na kazi. Kwato ilijaa tena masika mengine, matete yakaota, nikaenda nikaomba ruhusa kwa mwenye mlango mpya, nikatabasamu, nikatupa ndoano. Miaka yote hiyo! Zuhura anauza perege wa kukaanga pale Kiboriloni. Nimenunua kwake kila wiki, ananifungia na kunizidishia mmoja, ananiambia, "Baba alikupenda sana, Mama Eliya." Nami napokea yule samaki wa ziada, nasema asante, naondoka. Nikilikumbuka hilo natamani kujichapa mwenyewe.

Sasa mnaelewa kwa nini nimeanza na hasira. Miaka mitatu iliyopita wavuvi walimrudishia Zuhura mlango. Alikuwa ameomba kwa muda mrefu, na waliokuwa wanaushika walikuwa wamehamia mjini mmoja baada ya mwingine. Mwanamke wa kwanza kuushika, na binti wa Sefu. Alilia siku ile, akaniletea samaki nyumbani. Kila siku kabla ya kwenda sokoni anapita na mti wa baba yake. Mto ndio kwanza unashuka, kiangazi chote kiko mbele, na ninyi mmekwenda siku ambayo yeye yuko Kiboriloni anauza, mkaufyeka mlango ili boti ipite.

Alinipigia simu Jumatatu. "Mama Eliya, Kwato inatoka. Nimesukuma tope peke yangu mpaka mikono imevimba. Alhamisi wananiita mkutanoni. Wanasema damu ya Sefu ni ile ile."

Nikakupigia wewe, Gody. Unakumbuka uliyonijibu? Nitayaandika hapa kama yalivyo, wenzako wayasome.

"Aisee bibi, sisi tulifanya usafi tu, wageni walikuwa wameshabuku. Wewe waambie ni ng'ombe wa wafugaji wamepita. Kila mtu ataamini."

Nilikaa kitako kwenye kizingiti. Maneno yangu mwenyewe, sikuwahi kumwambia mtu yeyote, na kijana niliyemfundisha miaka miwili ananirudishia neno kwa neno, tena kwa sauti ile ile nyepesi. Nilikufundisha nini, Gody? Nilikufundisha mapovu ya kambare. Nilikufundisha sabuni. Jambo moja la kazi hii lililomgharimu mtu maisha yake nililikalia, kwa aibu, na wewe ukalifanya upya kama vile hakuna aliyewahi kulifanya. Nikikutukana wewe najitukana mimi, na bado nakutukana. Ulikuwa na mdomo wa kuuliza.

Alhamisi nilikwenda Kahe. Nilivaa kitenge changu cha kanisani, nikakaa kwenye benchi pamoja na wavuvi, nikanyoosha mkono. Mwenyekiti wao, ambaye baba yake ndiye aliyemnyang'anya Sefu mlango, akanisalimia shikamoo, akaniuliza mgeni ana neno gani. Nikasema mimi si mgeni, mimi ndiye niliyeufungua mlango wakati wa harusi ile. Nikasema ni mimi niliyewatuma watu wangu wafyeke, na ni mimi niliyesingizia ng'ombe. Nikasema Sefu hakuuza kitu, na kwamba alijua na akanihifadhi. Nikasema na mwaka huu si Zuhura, waliofyeka ni vijana niliowafundisha vibaya. Watu walipiga kelele. Mzee mmoja alitema mate chini karibu na viatu vyangu, na nilistahili.

Zuhura hakupiga kelele. Hakulia pia, wala hakunishukuru, na msidhani alinikumbatia. Aliuliza maswali mawili tu.

"Baba alikaa Nyumba ya Mungu miaka mingapi kabla hajafa?"

"Tisa," nikasema.

"Na kutoka Moshi kwenda Nyumba ya Mungu kwa basi ni muda gani?"

Nilimjibu. Akaitika kwa kichwa, akachukua mti wa baba yake, akatoka kwenda mlangoni kuendelea kusukuma tope.

Wavuvi hawakumnyang'anya. Wametoa muda mpaka Jumamosi: waliofyeka waje wenyewe, waseme kwa midomo yao, wazibe walichofungua. Wasipokuja, maneno yangu yatakuwa ya bibi mzee anayemtetea mwenye kumpunguzia bei ya samaki, na mlango atapewa mwingine. Majina yenu sikuyataja. Sikuwahifadhi, msijidanganye, nimewaachia nafasi ya kujitaja.

Leteni majembe na viroba vitupu, vingi. Udongo wa kujazia mchukue upande wa mbali, sio ukingoni. Matete mliyoyafyeka msiyatupe, mtayalaza juu ya viroba na tope juu yake. Zuhura atawaonyesha, na mtamwita mama, mtamwamkia kabla hamjafungua mdomo kwa jambo lingine. Hiyo safari ya wageni iahirisheni. Mimi nitakuwa pale tangu asubuhi na jembe langu, kiuno kikikataa nitachota tope kwa mikono.

Nyumba ya Mungu ni saa moja na nusu kwa basi, Gody. Kwa miaka tisa mimi sikwenda hata siku moja. Kahe ni karibu zaidi.